Kulisoma Kariakoo Ukitokea Kibiti

Wiki ya dabi ya Simba na Yanga ikikaribia, kuna picha hurudi kwenye simu yangu. Ni picha ya zamani ya Kariakoo, nyeusi na nyeupe, na juu yake yameandikwa maneno "Je, wajua?" Chini yake kuna maelezo ya sentensi mbili: jina Kariakoo limetokana na "Carrier Corps" ya Kiingereza, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza kilichopiga kambi pale wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja ataandika "kumbe!", mwingine atamwita rafiki yake aje asome, halafu mada imekwisha. Watu wanarudi kubishana nani atafunga goli la kwanza.

Sentensi hizo si za uongo. Wajerumani walijenga ukumbi wa soko mahali pale, vita vya 1914 vikaanza kabla haujatumika, Waingereza wakauteka mji Septemba 1916 na kuwaweka humo watu wa kubeba mizigo ya jeshi. Mwaka 1923 soko likafunguliwa kuwa soko. Hata sikio la Mswahili halikukosea. Kwa Kiingereza herufi mbili za mwisho za neno "corps" hazitamkwi, na Mwingereza wa London hata ile "r" huimeza, kwa hiyo aliyeandika "koo" alisikia vizuri kabisa. Nairobi waliibakiza "r", wakapata Kariokor. Zanzibar wanasema Kariakoo kama sisi, ila kule ni kiwanja cha watoto, wanakwenda kupanda bembea siku ya Idi.

Ugomvi wangu ni na neno moja tu katika maelezo yale. Ni hilo "wapagazi".

Nimesoma Kibiti na kukulia kati ya Kibiti na vijiji vya delta, upande wa mama. Kwetu ukiambiwa fulani yuko Kariakoo, huulizi anauza nini. Unajua amekwenda kutafuta maisha, na kama ni kijana wa kiume asiye na mtaji, unajua ameanza kwa kubeba. Wanatoka Salale, Mbwera, Msala, wanapanda boti hadi Nyamisati, kisha gari hadi Kibiti, kisha basi hadi Mbagala. Na mizigo inapita njia hiyohiyo: nazi, mchele, mikeka ya ukindu. Kwa hiyo neno hili sikulipata kwenye picha ya simu. Nililikuta nyumbani, likiwa limebeba watu ninaowajua kwa majina. Labda ndiyo sababu tafsiri yake inanikwaza.

Upagazi ulikuwa kazi. Katika karne ya 19, misafara ya kutoka Unyanyembe kuja Bagamoyo ilikwenda kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na watu wale walikuwa na heshima yao. Walipatana ujira kabla ya kuondoka, wakalipwa kwa nguo na bidhaa, wakawa na kirangozi wao mbele mwenye vazi lake na ngoma yake. Wakionewa waligoma. Wakizidi kuonewa waliweka mzigo chini na kutokomea porini, na tajiri wa msafara akabaki amekaa juu ya masanduku yake. Kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Hiyo ndiyo maana iliyomo ndani ya neno "mpagazi": mtu mwenye fani, mwenye bei, na mwenye uwezo wa kusema sitaki.

"Carrier" haina hata kimoja kati ya hivyo. Katika lugha ya jeshi ni kifaa. Ndorobo walikuwa wameua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota kwa maelfu, barabara hazikuwepo, magari yalizama matopeni. Kilichobaki ni binadamu, na binadamu akahesabiwa kwa namna ileile aliyohesabiwa nyumbu: anabeba kiasi gani, anakula kiasi gani, anadumu muda gani. Kulikuwa na ofisi nzima ya kazi hiyo chini ya afisa Oscar Watkins, na kufikia 1917 watu walikuwa wanatafutwa vijijini kwa kulazimishwa, Kenya, Uganda na kwenye maeneo ya Tanganyika yaliyokwisha kutekwa. Huku kwetu peke yake walipatikana karibu laki mbili. Mpagazi aliweza kusema sitaki. Hawa hawakuulizwa.

Ndiyo maana nasema tafsiri ile ni nzuri mno. Inawapa watu wale kazi ambayo hawakuwa nayo. Wenyewe walioishi siku zile, kwa kadiri ninavyolisoma neno, hawakufanya kosa hilo. Walikuwa na "wapagazi" tayari, neno zima, la Kiswahili safi, na bado mahali pale hapakuitwa Upagazini. Walilichukua neno la kigeni likiwa bichi, na sauti zake, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa geni.

Hesabu ya jambo hilo ilifanyika kwetu, Rufiji, na ni hesabu ya darasa la nne. Chukua mtu mmoja, mpe kilo 25 za unga. Posho yake ni kama kilo moja kwa siku. Kama vikosi vya mbele viko mwendo wa siku kumi, atakula kilo kumi akienda na nyingine kumi akirudi. Kati ya kilo 25, askari aliye mbele atapata tano. Ongeza siku mbili na nusu za mwendo, na yule mtu hapeleki kitu: amebeba chakula chake mwenyewe kwenda na kurudi. Sasa leta mvua. Waingereza waliufikia mto Rufiji Januari 1917, na masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya kuliko walivyowahi kuona. Mto ukafurika, njia zikawa ziwa, madaraja yakachukuliwa na maji. Siku kumi zikawa nyingi zaidi. Posho ikakatwa. Unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa haraka kwa kuni mbichi uliwapasua matumbo watu ambao kwao walikula ndizi au mtama, na kuhara damu kukaua wengi kuliko risasi.

Hesabu rasmi ya wabebaji waliokufa upande wa Mwingereza ilizidi 40,000. Wanahistoria wa baadaye wanasema 95,000 na zaidi. Kutofautiana huko kwenyewe ni sehemu ya habari. Ng'ombe wa jeshi wakipotea hamsini elfu, kuna karani atafukuzwa kazi.

Upande wa Mjerumani nao walibeba. Delta wanaikumbuka zaidi meli, Königsberg, iliyojificha kwenye mito ya mikoko tangu 1914 baada ya kuizamisha Pegasus bandarini Zanzibar. Julai 1915 Waingereza waliipiga kwa manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, na nahodha wake akaizamisha mwenyewe. Hadithi za watalii huishia hapo. Lakini mizinga yake yote kumi ilitolewa majini na kuburutwa hadi Dar es Salaam ikatengenezewe magurudumu, na iliburutwa kwa kamba na mamia ya watu, kwenye mchanga na tope lilelile tunalopita leo tukienda Nyamisati. Mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa. Umepakwa rangi, una kibao. Kibao cha walioshika kamba sijakiona popote.

Marehemu bibi yangu alizaliwa miaka mingi baada ya vita ile, ila alikuwa na hadithi yake moja, fupi kiasi kwamba nikiwa mdogo sikuitambua kuwa ni hadithi. Baba yake mkubwa, alisema, "alichukuliwa." Basi. Hakusema alikwenda vitani, wala aliandikishwa, wala alikuwa mpagazi. Nilipokuwa sekondari na kujifunza mambo ya kambi na vikosi, nilimrudia kwa maswali ya mwanafunzi.

"Shikamoo bibi. Alichukuliwa na nani? Mwingereza au Mjerumani?"

"Marahaba. Mwanangu, alichukuliwa. Walikuja watu, wakamchukua."

"Akafanya kazi gani?"

"Kuchukua."

Nilidhani ananitania. Ilinichukua muda kuona kwamba bibi alikuwa amelisoma neno vizuri kuliko kitabu changu. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga. Kuchukua ni kubeba: ndiyo tunapata mchukuzi, ndiyo tunapata Wizara ya Uchukuzi. Na kuchukua ni kutwaa, kuondoka na kitu. Mchukuzi wa vita ile alikuwa yote mawili kwa pamoja, mtendaji na mtendwa wa kitenzi kimoja. Alichukuliwa ili achukue. Kama ningetakiwa kutafsiri Kariakoo kwa Kiswahili, ningeacha "wapagazi" na kuandika "wachukuzi waliochukuliwa", na ningekubali kuwa haipendezi.

Kwa mtu wa Kibiti kitenzi hicho hakijawa cha kale. Mwaka 2016 na 2017 watu zaidi ya thelathini waliuawa Kibiti, Mkuranga na Rufiji: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, viongozi wa chama, askari polisi. Siku moja tu, Aprili 13, 2017, waliuawa polisi wanane. Pikipiki zikapigwa marufuku baada ya saa 12 jioni, watu wakafunga milango jua halijazama. Na katika miezi ile nililisikia neno la bibi likirudi kwenye simu za nyumbani, kwa sauti ileile ya chini: fulani amechukuliwa. Haikufuata "na nani". Novemba 21 mwaka huo akatoweka Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyekuwa akiripoti mauaji hayo kutoka Kibiti, na hadi leo hajaonekana. Sisemi vita ya 1917 na mambo ya 2017 ni kitu kimoja. Nasema sarufi ni ileile: sentensi ina mtendwa, ina kitenzi, na pale penye mtendaji pako wazi. Watu wa nyumbani wanajua kwa nini wanaiacha wazi.

Turudi mjini, maana huko ndiko jina lilikopelekwa.

Tembea Kariakoo ukiwa unasoma vibao vya mitaa badala ya bei. Kuna Mtaa wa Narung'ombe. Kuna Mahiwa. Kuna Tandamti. Vijana wengi wanaonunua nguo na simu mitaa hiyo wanadhani ni majina ya wazee wa mji. Ni majina ya mapigano, yote ya 1917, yote katika nchi ya kati ya Kilwa na Lindi: Narung'ombe mwezi Julai, Tandamuti mwezi Agosti, Mahiwa siku nne za Oktoba, na hilo la mwisho lilikuwa la umwagaji damu kupita yote katika vita nzima ya Afrika Mashariki. Kuna na Mtaa wa Rufiji. Kwa maneno mengine, ukishuka Msimbazi na kuingia ndani, uko kwenye ramani ya vita. Aliyeichora aliandika mahali majeshi yalipopambana, na katikati yake akaacha jina la kikosi kilichobeba. Ni mnara mkubwa, wenye mitaa na msongamano, na unatamkwa na mamilioni kila siku. Kosa lake ni kwamba hausomeki.

Linganisha na minara inayosomeka. Januari 4, 1917, huko Beho Beho, ndani ya Rufiji, risasi ilimpata Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyekuwa kapteni jeshini. Alizikwa hapohapo, kaburi lake lina jiwe, na mwaka 1922 pori lote likapewa jina lake. Likaja kukua hadi takriban kilomita za mraba 50,000, likaitwa Selous mpaka 2019, sehemu kubwa ilipokuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtu mmoja, nchi nzima. Au nenda Posta, kwenye sanamu ya Askari iliyozinduliwa 1927: mwanajeshi mmoja, bunduki mbele, singe imeelekezwa bandarini. Nairobi sanamu ni tatu, na mmoja wao ni mbebaji. Yetu ni askari peke yake. Wabebaji wametajwa kwenye maandishi ya chini, ambayo huyasomi mpaka uvuke barabara, na kuvuka pale si jambo la kukurupuka.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nilipoisoma nilifikiria kwanza Kariakoo, halafu nikaona hata Kariakoo haimo kwenye ukiri huo. Jina liko pale watu walipokusanywa na kuhesabiwa. Pale walipoanguka, Kibambawe, Utete, kwenye tope la njia ya kusini, hakuna mtaa wa kuuita chochote.

Fasihi ingeweza kusaidia, na hapa nina manung'uniko. Rufiji si eneo lisilo na fasihi. Ebrahim Hussein alitupa *Kinjeketile* mwaka 1969, na mtu wa Ngarambe akawa mhusika ambaye kila mwanafunzi wa Kiswahili amemwigiza au amejibia mtihani. Maji Maji ilipata tamthilia yake kwa sababu ina nabii, ina imani, ina swali zuri. Miaka kumi na miwili baada ya kunyongwa Kinjeketile, wanaume wa bonde hilohilo walibebeshwa unga wa majeshi mawili, na rafu yangu ya vitabu imenyamaza. Abdulrazak Gurnah, katika *Afterlives* ya 2020, ameirudisha vita ile kwa upole na ukali ninaouheshimu sana. Lakini Hamza na Ilyas ni askari. Wapagazi wapo, wanapita nyuma, wanaanguka, wanatoroka usiku. Naelewa sababu. Askari ana bunduki, kwa hiyo ana uamuzi, na riwaya inataka mtu mwenye uamuzi. Mbebaji ana mzigo tu. Utamwandikaje mtu ambaye kila siku yake ni kufika? Sidhani haiwezekani. Nadhani tumeachia maneno mawili, "Je, wajua?", yaifanye kazi hiyo, na yanaifanya vibaya.

Mwezi uliopita nilimpelekea mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo wa Salale, furushi la nguo kutoka kwao. Ana miaka 23, ana mwaka wa pili Kariakoo. Tulikutana pembeni ya Narung'ombe. Alikuwa na ngata shingoni na robota la mitumba miguuni, anasubiri mwenye mzigo amalize kupatana na dereva wa guta. Mzigo: kwa lugha ya pale ni bidhaa, "mzigo mpya umeingia", hata kama ni chaja za simu zinazoingia mfukoni. Kwake yeye ni mzigo tu, buku mbili hadi mlangoni.

Nikamwonyesha kibao cha mtaa na kumweleza. Alisikiliza kwa adabu, jicho kwa mteja.

"Walilipwa, dada?"

Nikamwambia walilipwa kwa rupia, waliorudi. Na kwamba waliokufa, fedha za wengi wao hazikuwafikia jamaa zao. Zilibaki serikalini, zikajadiliwa kwa barua miaka na miaka.

"Kwa hiyo zipo?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mwenye mzigo alikuwa ameshampigia mluzi. Akaweka ngata kichwani, akachuchumaa, akashika kamba ya mbele.

"Shika huko nyuma, dada," akasema. "Ninyanyulie kidogo."